Jamaa ya Taita Yatembelea Nairobi

Kwa muda wa miaka mingi, mtu wa milima ya Taita aliposema kwamba anakwenda Nairobi, waliomsikia walijua ya kuwa anakwenda kazini, au anakwenda kumtafuta ndugu aliyekwenda kazini akakawia kurudi. Wengine walikwenda kwa sababu ya kesi, wengine kwa sababu ya ugonjwa. Kwenda na mke na watoto na mama mzee, kulipa nauli ya watu sita, na shughuli yenyewe isiwe nyingine ila kutazama, ni jambo ambalo wazee wengi hata leo hulihesabu kuwa ni kuchezea fedha. Kwa nauli hiyo mtu hupata mbuzi, na mbuzi huzaa.

Lakini karani mmoja wa Wundanyi alikata shauri kulifanya jambo hilo katika likizo ya mwezi wa Agosti. Mtu huyo, mbali na kazi yake ya ofisi, analima mahindi na kunde katika shamba la bondeni, upande wa Mwatate, na mavuno ya mwaka uliotangulia hayakuwa mabaya. Safari yao ilikuwa ya watu sita: yeye na mkewe, binti yao wa miaka kumi na mitatu, wavulana wawili wadogo wake, na mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na minane, ambaye alikuwa hajapata kuuona mji wa Nairobi hata siku moja.

Binti ndiye aliyeandika orodha ya mahali pa kwenda, maana shuleni amefundishwa habari za mji mkuu. Aliandika makumbusho ya reli, jumba refu la KICC, Makumbusho ya Taifa, watoto wa ndovu, na twiga. Orodha ilipokwisha kusomwa, bibi mzee alisema, "Mimi nataka kuiona Muthurwa." Mwanawe akamjibu kwa upole, "Mama, Muthurwa hakuna cha kutazama. Ni soko tu na kelele za matatu." Bibi hakubishana naye, na jina la Muthurwa halikuandikwa.

Inafaa msomaji ajue kwa nini alilitaja. Baba yake bibi huyo alifanya kazi ya kutia mafuta mabehewa ya reli Nairobi, tangu kabla binti yake hajazaliwa mpaka mwaka 1961. Muda huo wote alikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli za Muthurwa, akarudi nyumbani mara moja kila mwaka kwa likizo yake. Mkewe na watoto walibaki milimani.

Waliondoka Voi kwa garimoshi la asubuhi, katika reli mpya iliyofunguliwa mwaka 1917 ukiongeza miaka mia, yaani 2017. Garimoshi la zamani lilikuwa likisafiri usiku kucha, abiria wakaamka na vumbi jekundu puani. Hili jipya laupita uwanda wa Tsavo mchana, nalo limeinuliwa juu ya tuta, na penye njia za wanyama pameachwa nafasi chini ya reli ili ndovu wapite bila kugongwa. Wavulana hawakuondoka dirishani. Ndovu waliowaona walikuwa wekundu kama udongo wenyewe, na baba yao alisema kwa Kitaita maneno ambayo mkewe alimwomba asiyarudie mbele ya watoto. Habari ya ndovu itakuja mbele.

Alasiri wakashuka katika kituo kikubwa cha reli hiyo, kilichoko nje ya mji upande wa Syokimau, wakapanda garimoshi dogo liwapelekalo watu katika kituo cha zamani katikati ya mji. Ndugu yake karani alikuwa akiwangoja hapo. Anakaa Buruburu, na ndiko walikolala siku zote, watoto juu ya mikeka sebuleni. Mtu mwenye ndugu Nairobi na asiyemwambia mapema kwamba anakuja na watu sita hana adabu. Mtu asiye na ndugu afanye hesabu ya vyumba kwanza, kwa maana malazi ndiyo yanayomaliza fedha ya safari kuliko nauli.

Nairobi haikuchaguliwa na mtu aliyetaka kujenga mji. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali hapo mwishoni mwa mwezi wa Mei, 1899. Mbele yake kulikuwa na mwinuko wa nchi ya Wakikuyu, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Basi wahandisi wakaona heri wasimame kwanza, wajenge karakana na maghala kwenye uwanda ulio tambarare. Palikuwa na kinamasi na kijito ambacho Wamasai walikiita kwa jina la maji baridi, Enkare Nyirobi. Mwaka 1905 serikali ya wakati ule iliyahamisha makao yake makuu kutoka Mombasa ikaja papo hapo kinamasini, na mwaka 1950 mji ukapewa hati ya kuitwa jiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Kaunti nzima ya Taita Taveta, milima na nyika pamoja, ilikuwa na watu 340,671. Ndiyo sababu mgeni kutoka Wundanyi, akisimama penye kuvuka barabara saa kumi na moja jioni, huona kana kwamba watu wote wa kwao wamepita mbele yake nao hawajakwisha.

Maji yale bado ni baridi, na hewa pia. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Agosti mawingu hukaa kutwa. Wageni wa pwani wanaokuja na mashati mepesi kwa kudhani kwamba Kenya yote ni joto hununua masweta Gikomba siku ya pili.

Asubuhi ya kwanza walikwenda makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, si mbali na kituo cha zamani. Mahali hapa hapana fahari kubwa, na wageni wengi wa nchi za nje hupapita bila kupaona. Lakini kwa watoto hapana mahali panapopita hapo, maana wanaruhusiwa kuyapanda magari yenyewe. Nje zimesimama injini za zamani, na kubwa kuliko zote ni ile iitwayo Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za namna hiyo zilizotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja ikipewa jina la mlima wa nchi hizi, na uzito wake ni kadiri ya tani 250. Bibi mzee aliizunguka injini hiyo polepole, akaigusa gurudumu. Alisema kwamba alipokuwa msichana walizisikia injini hizo usiku wakiwa juu kabisa milimani.

Wavulana walikuwa wakilitafuta behewa la simba. Liko, nalo ni la mbao. Mwezi wa Juni, 1900, afisa wa polisi aitwaye Ryall alilala ndani yake katika kituo cha Kima pamoja na wenzake wawili, wakiwa wamekuja kumvizia simba aliyekuwa akila watu. Ryall alikuwa zamu, akashikwa na usingizi. Simba akaingia behewani, akamchukua, akatoka naye dirishani. Mvulana mkubwa alishikilia kwamba huyo alikuwa mmoja wa simba wa Tsavo. Dada yake akamsahihisha, na alikuwa na haki: simba wawili wa Tsavo, waliosimamisha kazi ya kujenga daraja, waliuawa na mhandisi Patterson mwezi wa Desemba, 1898, mwaka mmoja na nusu kabla ya habari ya Kima. Ngozi zao ziliuzwa katika miaka ya 1920 kwa makumbusho moja ya Chicago, Marekani, nao wamesimamishwa huko hata leo, wamejazwa, wanatazamwa na watoto wa Marekani. Mvulana aliuliza kwa nini simba wa kwao wako Chicago. Baba yake alimwambia kwamba waliuzwa. "Nani aliwauza?" "Aliyewaua." Mtoto hakuonekana kuridhika, wala si rahisi kusema kwamba alipaswa kuridhika.

Katika vyumba vya ndani mna saa, vyombo vya mezani vya mabehewa ya daraja la kwanza, simu za upepo na taa za ishara. Bibi alikaa mbele ya taa hizo muda mrefu, hata mjukuu wake akarudi kumtafuta.

Kutoka hapo waliingia mjini kwa miguu. Wengi hawajui ya kuwa kitovu cha Nairobi ni kidogo. Mtu mzima hukikata toka upande mmoja hata wa pili kwa nusu saa, na jamaa yenye watoto na mzee kwa muda wa saa mbili wakipumzika. Jambo la lazima ni kushikana mikono penye kuvuka, na simu isitolewe mfukoni ovyo.

Penye njia panda ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue pana bustani yenye ukuta wa majina. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani, na tarehe 7 Agosti, 1998, bomu lililipuka likaua watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa makazini mwao, na jengo la jirani likaanguka lote. Watu husoma majina hayo kwa sauti ndogo, wakitafuta la ukoo wao. Mbele kidogo katika Moi Avenue imesimama sanamu ya Tom Mboya, iliyowekwa mwaka 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai, 1969. Barabara hiyo zamani iliitwa Government Road. Kadhalika Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, na Kimathi Street, iliyo na sanamu ya Dedan Kimathi tangu mwaka 2007, ilikuwa Hardinge Street. Mtu akitaka kuwafundisha watoto historia ya nchi, na awasomeshe vibao vya barabara, majina mapya na ya zamani. Somo hilo halina ada.

Watu wa Taita wana sababu yao ya kusimama Kenyatta Avenue. Hapo ziko sanamu tatu za shaba, za askari wa Kiafrika na mchukuzi wa mizigo, ukumbusho wa waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na maandishi yake ni kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Vita hivyo vilipiganwa kwao: Taveta ilitekwa na Wadachi mwezi wa Agosti, 1914, na mwezi wa Februari, 1916, watu wengi walianguka katika kilima cha Salaita. Wachukuzi waliokufa kwa kuhara, kwa njaa na kwa mizigo walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Kundi lao liliitwa Carrier Corps, na jina hilo likageuka midomoni mwa watu likawa Kariokor, mtaa wa Nairobi ambao leo una soko la vikapu na viatu. Binti alisoma maandishi ya Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho. Wapita njia wawili walisimama kumsikiliza, kisha wakaendelea na safari zao.

Siku ya pili ilikuwa ya majumba. KICC lilimalizika mwaka 1973. Lina ghorofa 28 na urefu wa mita 105, na lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norway, pamoja na David Mutiso wa Kenya. Inafaa kuuliza kwanza kama wageni wanaruhusiwa kupanda siku hiyo. Jamaa hii iliruhusiwa. Binti alikuwa ameahidiwa kwamba kutoka juu mtu huona mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, na ni kweli, asubuhi ya mwezi wa Januari. Agosti waliona mawingu. Waliona pia Bunge na mnara wake wa saa, Uhuru Park, kituo cha reli, na mabati ya mitaa ya mashariki yakienda mpaka macho yakachoka. Bibi alikataa kuingia ndani ya lifti, akakaa chini karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta, akala ndizi.

Katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1930 yakiitwa Coryndon Museum, mnahitajiwa siku nzima, nao walikuwa na saa tatu tu. Mambo mawili yasiachwe. La kwanza ni mifupa ya kijana wa Turkana, aliyeishi miaka zaidi ya milioni moja na nusu iliyopita; aliyeigundua mwaka 1984, huko Nariokotome, ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyezaliwa Ukambani, ambaye jicho lake liliweza kutambua kipande cha fuvu katika changarawe kilichofanana na jiwe lolote. La pili ni Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu mno, ambaye Rais Kenyatta aliamuru mwaka 1970 kwamba alindwe mchana na usiku. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, jambo lisilowapata ndovu wengi wenye pembe kama zile. Karani aliusoma ubao wa habari zake, akasema kwamba hajapata kusikia mkulima aliyepewa walinzi mchana na usiku.

Siku ya tatu ndiyo waliyokwenda kuwatazama watoto wa ndovu, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hifadhi hiyo ni ya kwanza nchini Kenya, tangu mwaka 1946, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 117. Simba, kifaru na twiga wamo, na nyuma yao huonekana majumba ya mji, na kukatiza katikati ni daraja refu la reli iendayo Naivasha. Ndani yake pia serikali ilichoma pembe za ndovu, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, ili biashara yake ikome. Asiye na motokaa hawezi kuitembelea yote, lakini langoni pana njia ya kutembea kwa miguu juu ya ubao, inayowatosha watoto. Malipo hufanywa kwa simu katika mtandao wa serikali, si kwa fedha mkononi, na mwananchi hulipa pungufu ya mgeni, asisahau kitambulisho.

Kituo cha kulelea watoto wa ndovu kilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick, mke wa David Sheldrick aliyekuwa mkuu wa hifadhi ya Tsavo Mashariki, makao yake yakiwa papo hapo Voi. Wageni hupokewa saa tano hadi saa sita mchana tu, nao ni lazima wawe wameandikisha majina mapema. Ndovu wadogo hutoka kichakani mbio, mmoja nyuma ya mwingine, wakaja kunyonya chupa kubwa za maziwa, huku mlezi akieleza habari ya kila mmoja: huyu alitumbukia kisimani, huyu mama yake aliuawa kwa ajili ya pembe, huyu alikutwa peke yake wakati wa ukame. Walezi hulala nao usiku, chumba kimoja na mtoto, kwa sababu mtoto wa ndovu akiachwa peke yake hufa kwa huzuni. Wavulana wawili walisimama kwenye kamba, na mmoja wa wanyama hao akapita akawagusa na ubavu wenye matope. Walicheka mpaka watu wakageuka.

Mama yao alingoja mlezi amalize maneno, ndipo akauliza, "Wakishakuwa wakubwa mnawapeleka wapi?"

"Tunawarudisha porini, mama. Huko Tsavo, Voi na Ithumba."

Mama aligeuka akamtazama mumewe, na mumewe akatazama chini.

Jambo hili si la mzaha kwa watu wa Taita. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu zaidi ya 36,000 nchini Kenya, na karibu 15,000 kati yao ni wa Tsavo na nchi iliyozunguka, yaani mlangoni pa Mwatate, Sagalla na Kasigau. Mkulima wa bondeni hulala shambani kuanzia mahindi yanapotoa mbelewele, ana tochi na debe la kupiga, na ndovu watatu wakiingia huyamaliza mavuno ya mwaka mzima kabla ya adhana ya alfajiri. Wapo waliouawa wakitoka kuchota maji. Sheria ya mwaka 2013 inataja fidia, lakini fidia hailiwi jioni ile ile. Tena ni kweli pia kwamba nchi hupata fedha nyingi kwa wageni wanaokuja kwa sababu ya wanyama hao, na kwamba vijana wengi wa Taita wanaajiriwa katika hifadhi na hoteli zake. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mkulima ndiye anayeyachukua yote mawili mgongoni. Mvulana mdogo, aliyekuwa bado na matope shatini, aliomba arudi kesho. Aliambiwa kwamba hao hao watamfuata nyumbani.

Gharama ya siku hiyo ilizidi hesabu ya karani. Jioni, Buruburu, alihesabu kilichobaki akaona kwamba siku ya nne, iliyokuwa ya twiga, itabidi iachwe. Wavulana walinuna. Ndipo binti akasema, "Baba, Muthurwa hakuna kiingilio." Hapana aliyejibu kwa kitambo. Kisha ndugu wa karani akasema kwamba matatu waliyopanda kila siku ilipita hapo hapo, kwa Jogoo Road, wakaja Landhies Road, na kila siku bibi alikuwa akigeuza shingo.

Wakaenda. Muthurwa ni soko, kama alivyosema mwanawe. Kuna mikokoteni inayopita kwa nguvu, makuli wakipiga miluzi ili watu wapishe. Kuna magunia ya vitunguu, masufuria, nguo za mitumba na makanga wanaoita abiria. Walimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akiuza maharagwe kama anajua zilipokuwa nyumba za reli. Alisimama, akanyosha mkono, akasema zilianzia hapa zikaenda mpaka kule, akapinda mkono polepole ili waone zilivyopangwa. Akauliza, "Mama una mtu wako hapa?" Bibi akasema, "Baba yangu." Mzee akampa kigoda akae.

Alipokaa ndipo alipowaeleza wajukuu. Baba yake alikuwa akisema kwamba akiwa mlangoni pa chumba chake jioni aliweza kusikia garimoshi la Mombasa likipiga filimbi kituoni, akajua ya kuwa usiku huo huo litapita Voi. Kila jioni, miaka yote. Mke wake aliwahi kutuma barua ya kutaka kuja na watoto, waone anakoishi. Alijibiwa kwamba huku hapana mahali pa mwanamke, wanalala wanne chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake, na nguo zinatundikwa juu ya kamba.

Hakuwa akimdanganya mkewe. Mji ulijengwa kwa fikira kwamba Mwafrika anakuja kufanya kazi, kisha anarudi kwao. Alivaa kipande shingoni kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, usiku hakutembea bila kibali, na mshahara wake ulipimwa kuwa wa mtu mmoja, kana kwamba mke na watoto walikula hewa ya milimani. Katika miaka ya 1940 zilijengwa nyumba za Kaloleni, zenye vigae vyekundu, zilizokusudiwa mtu pamoja na jamaa yake, nazo zilikuwa chache mno kwa waliozitaka. Mwaka 1954 tume ya Carpenter, iliyochungua mishahara ya Waafrika, ilisema wazi kwamba mshahara unapaswa kumtosha mtu na mkewe na watoto wake. Fundi wa mafuta ya mabehewa aliendelea kulala Muthurwa miaka saba baada ya hapo.

Mvulana mdogo aliuliza, "Kwa hiyo mama yako, Bibi, hakuja kabisa?"

"Hakuja."

"Hata mara moja?"

"Alikufa mwaka 1972. Hakuja."

Walikaa hapo kama saa moja. Mke wa karani alinunua maharagwe kwa yule mzee, kilo nne, ingawa kwao maharagwe yapo, na mzee akaongeza vitanga viwili juu ya kipimo. Bibi alinunua sufuria moja kubwa na mfuniko wake, akaichagua kwa kuigonga na kidole na kusikiliza, akabishana bei mpaka mwuzaji akacheka akamwachia. Wavulana waliibeba kwa zamu mpaka stejini, mmoja akaivaa kichwani.

Asubuhi ya pili yake walipanda garimoshi la kurudi, wakashuka Voi mchana, wakapata gari la milimani kabla ya jua kutua. Kijana wa jirani aliyeachiwa shamba alikuja usiku kutoa habari. Ndovu walikuwa wamepita mara moja, siku ya Jumatano, wakala mahindi ya upande wa chini wote na kuvunja ua. Ya upande wa juu yalikuwa salama.